Haiku imegoma kuwaka kwenye kompyuta ya mezani: anza na aikoni saba

Kwenye maduka ya kompyuta za mitumba Kisumu na Nakuru hazikosekani zile mashine za ofisini tunazoziita ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, nyingi zikiwa za kizazi cha sita na cha saba cha Intel. Windows 11 haizikubali rasmi, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine akikuuliza afanye nini, jibu la haraka ni Linux. Ila wapo wanaotaka kitu kingine: mfumo mwepesi, wenye sura ya miaka ya tisini, unaowaka upesi na usiomficha mtu mambo yake ya ndani. Hao huishia kwa Haiku. Hao pia ndio wanaompigia fundi simu saa tatu usiku wakisema skrini imekwama.

Kwa asiyeijua, Haiku ni mrithi wa BeOS, mfumo wa kampuni ya Be iliyoanzishwa mwaka 1990 na Jean-Louis Gassée baada ya kutoka Apple. Mwaka 2001 mali ya Be ilinunuliwa na Palm, na mwaka huohuo watu wa kujitolea wakaanza kuujenga upya mfumo ule kutoka sifuri. Mwanzoni waliuita OpenBeOS; mwaka 2004 ukapewa jina la Haiku. Toleo la majaribio la tano, beta5, lilitoka Septemba 2024, na ndilo ninalolizungumzia hapa.

Sura ni ya zamani, lakini chini ya sura hiyo kuna mfumo unaoijua UEFI (programu ya ubao mama inayoiamsha mashine kabla ya mfumo wowote), unaojua diski za kasi za NVMe na matundu ya USB 3. Kwa hiyo ikigoma kwenye mashine mpya usikimbilie kusema mfumo ni wa kizee. Mara nyingi inagombana na mpangilio uliowekwa kiwandani, na ugomvi huo huacha alama mahali unapoweza kupaona kwa macho. Angalia kwanza imekwama wapi, kisha badilisha kitu kimoja, uwashe tena, uone. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hata ikiwaka hatajua ni lipi lililoiponya.

Windows inasema flashi inahitaji kufomatiwa

Umeshusha faili ya ISO, umeiandika kwenye flashi, ukaichomeka tena, na Windows inakuletea dirisha la kukuuliza kama ungependa kuifomati. Usikubali. Flashi ni nzima. Sehemu yake kubwa iko kwenye mpangilio wa faili wa Haiku, yaani BFS, ambao Windows haiwezi kuusoma. Ukibonyeza ndiyo, umefuta kazi yote.

Faili hiyo huandikwa moja kwa moja juu ya flashi nzima, baiti kwa baiti. Haitoshi kuinakili ndani ya flashi jinsi unavyonakili wimbo. Etcher hufanya kazi hiyo bila maswali mengi. Rufus nayo inaweza, mradi uchague kuandika kwa njia ya DD inapokuuliza. Kwenye Linux amri ni dd, na hapo hakikisha mara mbili jina la diski unayoiandikia, kwa sababu dd haina huruma wala haiombi uthibitisho.

Linganisha alama ya SHA256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha faili, ya ile uliyoshusha na ile iliyochapishwa kwenye ukurasa wa kupakua. Faili inazidi gigabaiti moja, na kwa mtu anayetumia bando la simu, upakuaji uliokatika katikati ukaunganishwa tena ni jambo la kawaida. Faili iliyoharibika kidogo inaweza kuwaka vizuri kabisa, kisha ikakuangusha katikati ya usakinishaji, ukabaki ukilaumu diski isiyo na kosa. Jihadhari vilevile na flashi za bei ya kutupa zinazodai kuwa na gigabaiti 64: nyingine ndani zina sehemu ndogo tu ya hiyo, na hutalijua hilo hadi uandike kitu kikubwa.

Mashine inaipita flashi na kwenda moja kwa moja Windows

Kila mtengenezaji ana kitufe chake cha kuchagua pa kuwakia. Kwenye Dell bonyeza F12, kwenye HP ni F9, kwenye Lenovo ThinkCentre ni F12. Kuingia kwenye mipangilio yenyewe ni F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkCentre. Anza kukibonyeza kitufe mara tu unapowasha, tena kwa kurudiarudia. Windows ikikuwahi kila mara, izime kwa kuchagua kuwasha upya huku umeshikilia Shift. Hapo itakupa menyu yenye njia ya kuingia UEFI.

Flashi ikionekana kwenye orodha mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI na mara nyingine bila, chagua yenye UEFI. Mashine nyingi za kisasa hazina tena njia ya BIOS ya zamani, na hata zile zilizo nayo, kuchanganya njia mbili ndiko kunakoleta vurugu baadaye. Kwa sababu hiyohiyo chukua Haiku ya biti 64. Ile ya biti 32 ina sifa moja ya kipekee, kwamba inaendesha programu za BeOS ya awali. Kwa mtu mwenye CD za mwaka 1999 ni hazina, lakini kwenye mashine ya leo itakusumbua kuanzia mlangoni.

Ujumbe wa saini, au kurudishwa nyuma kimyakimya

HP huandika kwamba "selected boot image did not authenticate". Mashine nyingine hutaja Secure Boot, nyingine haisemi lolote ila inakurudisha kwenye menyu. Chanzo ni kimoja: Secure Boot inaruhusu programu zenye saini inayoitambua, na kiwashio cha Haiku, ile programu ndogo inayouamsha mfumo, hakina saini hiyo. Ingia kwenye mipangilio uizime.

HP wana mtego wao hapa. Ukishazima na kuwasha upya, inatokea skrini nyeusi inayokutaka uandike tarakimu nne ilizokuonyesha, kuthibitisha kwamba ni wewe uliyebadilisha. Watu wengi huidhania kuwa kosa, wanabonyeza Enter tupu, na badiliko linafutwa. Ziandike tarakimu hizo kwa vitufe vya juu ya herufi, si vile vya pembeni, ndipo ubonyeze Enter.

Kama Windows bado imo na diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wa kuifungulia kabla ya kugusa Secure Boot. Ukishaizima, Windows itaudai, na fundi hawezi kuukisia.

Aikoni zinawaka, kisha zinasimama

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye habari nyingi zaidi. Haiku inapoanza huonyesha safu ya aikoni saba zilizofifia, zinazopata rangi moja baada ya nyingine. Wengi huzichukulia kuwa pambo. Aikoni hupata rangi hatua yake inapoanza, kwa hiyo ile ya mwisho kuwaka ndiyo hatua iliyoshindikana.

Ya kwanza, yenye umbo la atomu, ni kuandaa moduli za kiini (kernel), moyo wa mfumo. Ya pili, diski na kioo cha kukuzia, ni kutayarisha mizizi ya mfumo wa faili. Ya tatu, kadi ya kuchomeka, ni kuvitambua vifaa. Ya nne, diski, ni kuifungua diski yenye Haiku. Ya tano, chipu, ni moduli za prosesa. Ya sita, folda, ni matayarisho ya mwisho. Ya saba, roketi, ni kuanzisha mfumo wenyewe hadi dawati lionekane.

Mwalimu mmoja kutoka Vihiga aliwahi kunipigia simu, OptiPlex iko mbele yake, amekata tamaa.

"Fundi, hii mashine imekufa."

"Bado haijafa, mwalimu. Aikoni ngapi zilipata rangi?"

"Nne. Halafu yakaja maandishi meupe mengi, kibodi nayo haifanyi kitu."

"Kwenye hayo maandishi kuna mahali pameandikwa 'did not find any boot partitions'?"

"Pako. Umejuaje?"

Nilijua kwa sababu aikoni ya nne kwenye Dell karibu kila mara husema hadithi ileile. Kiwashio cha Haiku, kile kinachochora aikoni, huisoma diski kwa msaada wa UEFI ya mashine yenyewe, na UEFI inaijua diski yake kwa njia yoyote ile. Kiini kikishaanza kinaacha msaada huo na kuitafuta diski kwa draiva zake chenyewe. Hapo ndipo diski iliyosomeka sekunde tatu zilizopita inapotoweka. Haijaharibika, imefichwa nyuma ya mpangilio wa RAID wa Intel, ule wa kuunganisha diski kadhaa, ambao Dell huziacha mashine zake nyingi zikiwa nao hata zikiwa na diski moja tu. SSD ya NVMe ndiyo hupotea kabisa ikiwa hivyo.

Dawa: ingia F2, tafuta SATA Operation, toa RAID On, weka AHCI, mpangilio wa kawaida wa diski. Kwenye mashine za kizazi cha kumi na moja na kuendelea jambo hilo huja kwa jina la VMD; lizime.

Ila kama Windows iko humo na bado unaihitaji, usibadilishe hivihivi, maana itakataa kuwaka na kukupa skrini ya buluu. Kwanza, ukiwa ndani ya Windows, fungua msconfig, nenda sehemu ya Boot, weka alama kwenye Safe boot. Zima, ubadilishe kwenda AHCI, uiache Windows iwake katika hali hiyo ya tahadhari mara moja ili ijipatie draiva sahihi, kisha uondoe ile alama. Baada ya hapo mifumo yote miwili itaishi kwa amani.

Ukikwama aikoni ya nne ukiwa unawashia flashi, badala ya diski ya ndani, shida iko upande wa USB. Hamisha flashi kwenye tundu jeusi la USB 2 nyuma ya mashine, lililoko kwenye ubao mama wenyewe. Matundu ya mbele huunganishwa kwa waya mrefu wa ndani, na kwenye mashine iliyofunguliwa na mafundi wengi waya huo huwa umelegea. Jaribu flashi nyingine pia.

Kukwama aikoni ya tatu huashiria kifaa fulani kinachoizuia draiva yake kumaliza kazi. Chomoa kila kitu kisichohitajika: printa, kisomea kadi, kipokezi cha waifai, kamera. Ikivuka, rudisha kimoja kimoja. Ikiwa mkosaji ni kifaa cha ndani kisichochomoka, ingia kwenye menyu ya kiwashio na umzuie: bonyeza kitufe cha nafasi kwa kurudiarudia mara tu mashine inapoanza kusoma Haiku, kabla aikoni hazijatokea. Kwa mashine inayowakia njia ya BIOS ya zamani, shikilia Shift. Ndani ya "Select safe mode options" kuna orodha ya kuzima sehemu za mfumo, ukachagua draiva unayoishuku.

Ya tano na ya sita hukwama kwa nadra. Ikitokea, kwenye menyu hiyohiyo jaribu kuzima IO-APIC, halafu ACPI, moja baada ya nyingine. Ni majaribio ya kutafuta chanzo tu. Usiiache mashine ikae hivyo, kwa sababu bila ACPI hata kuzima yenyewe itashindwa.

Roketi imewaka, kisha skrini nyeusi au rangi zilizochanganyika: hiyo ni kadi ya picha. Nitaifikia.

Na iwapo leo inakwama ya pili, kesho ya sita, kesho kutwa inafika dawatini kisha inaganda? Acha kubadilisha mipangilio. Mfumo wenye tatizo la draiva hukwama mahali pamoja kila mara. Unaohamahama una RAM mbovu, au RAM iliyolegea baada ya safari ya basi kutoka Nairobi hadi Kisumu. Zima, chomoa waya wa stima, toa vijiti vya RAM, safisha miguu yake kwa kifutio cha penseli, uvirudishe kimoja kimoja. Mashine iliyokaa duka la barabarani Nakuru wakati wa kiangazi ipulizwe vumbi kwanza; utashangaa kilichomo.

Imesakinishwa vizuri, lakini ukitoa flashi haiwaki

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na chanzo chake ni kwamba watu wamezoea kisakinishi kinachofanya kila kitu. Kwenye UEFI, mashine haitafuti Haiku. Inatafuta sehemu ndogo ya diski iliyofomatiwa kwa FAT, iitwayo ESP, na ndani yake faili moja mahali maalumu. Ukinakili mfumo wote kwenye BFS bila kuweka faili hiyo, umejenga nyumba isiyo na mlango.

Kwa diski tupu isiyo na mfumo mwingine, fanya hivi. Washa kwa flashi, fungua DriveSetup, ipange diski kwa mpangilio wa GUID. Tengeneza sehemu ndogo ya megabaiti mia kadhaa, aina yake "EFI system data", uifomati kwa FAT32. Sehemu iliyobaki iwe Be File System. Endesha Installer hadi imalize. Usiwashe upya bado. Rudi DriveSetup, fungua ile ESP mpya uliyoitengeneza pamoja na ile iliyoko kwenye flashi, yenye jina "haiku esp". Nakili folda yote ya EFI kutoka ya flashi kwenda ya diski. Mwishowe faili iwe hapa:

EFI/BOOT/BOOTX64.EFI

Njia hiyo ndiyo kila mashine ya biti 64 huiangalia ikiwa haijaambiwa vinginevyo. Kosa dogo kama kuinakili faili peke yake bila folda zake linatosha kukurudisha mwanzo.

Ikiwa Windows au Linux ziko kwenye diski hiyo, ESP tayari ipo. Usiifomati! Ndani ya folda yake ya EFI tengeneza folda mpya uiite HAIKU, weka nakala ya BOOTX64.EFI humo, usikanyage folda za wengine. Kisha mashine iambiwe. Kwenye Dell, ndani ya mipangilio ya Boot Sequence unaweza kuongeza chaguo jipya na kulielekeza kwenye faili hiyo. Kwa mashine zinazong'ang'ania Windows hata umwambie nini, weka rEFInd, ambayo hukuletea menyu ya kuchagua kila unapowasha na inaitambua Haiku yenyewe.

Skrini nyeusi, skrini ndogo, rangi za ajabu

Ingia menyu ya kiwashio, chagua "Use fail-safe graphics driver", endelea kuwasha. Dawati likitokea, umepata jibu: draiva ya picha na kadi yako hazielewani. Kwa kadi za Intel zilizo ndani ya prosesa, draiva inafanya vizuri kwenye vizazi vingi lakini si vyote, na njia ya skrini nayo ina neno lake. Mashine nyingi za ex-UK zina DisplayPort, huku skrini tulizo nazo ni za VGA, kwa hiyo katikati kunawekwa adapta ya bei nafuu. Adapta nyingine hazipitishi taarifa za skrini, na draiva inabaki kukisia ukubwa. Kabla ya kulaumu Haiku, azima skrini yenye HDMI au DisplayPort ujaribu.

Hali ya tahadhari ikikuridhisha, ifanye ya kudumu: kwenye /boot/home/config/settings/kernel/drivers kuna faili iitwayo kernel, weka humo mstari wa fail_safe_video_mode true. Utabaki na ukubwa wa skrini uliopangwa na UEFI, basi. Kwa kuandika, kusoma na kuchezea programu unatosha.

Kadi kubwa ya NVIDIA uliyonunua kwa ajili ya michezo haitakusaidia kitu hapa. Michoro ya 3D kwenye beta5 hufanywa na prosesa, siyo kadi. Ichomoe utumie ya Intel, upunguze na bili ya stima.

Hakuna intaneti

Waya wa mtandao ndio wa kuaminika. Kadi za Intel na Realtek zilizoko kwenye mashine hizi za ofisini kwa kawaida hutambulika papo hapo. Waifai ndiyo bahati nasibu, hasa vile vipokezi vidogo vya USB, kwa sababu kifurushi cha nje ni kilekile lakini chipu ya ndani hubadilika kila shehena. Baadhi za Realtek hufanya kazi, nyingine hazionekani kabisa. Andika listusb kwenye Terminal uone namba ya kifaa chako, ndipo uulize watu kwa namba hiyo badala ya jina lililo kwenye karatasi.

Ila kwetu huku njia rahisi iko mfukoni. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, kwenye simu washa kushiriki intaneti kwa USB, na Haiku inaipokea kama kadi ya mtandao. Uwezo huo uliingia beta4. Kama haionekani kwenye mipangilio ya Network, sababu ya kwanza kuichunguza ni kebo: nyingi za barabarani ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data.

Tovuti zote zinakataa vyeti, au saa iko nyuma

Kivinjari cha WebPositive kinalalamika kuhusu vyeti kwenye kila tovuti, na HaikuDepot, duka la programu la Haiku, haishushi kitu. Angalia tarehe kwenye kona. Ikisema uko mwaka 2015, betri ya CR2032 kwenye ubao mama imeisha, jambo la kawaida kwa mashine iliyokaa ghalani. Nunua mpya, panga tarehe, mambo yatatulia.

Saa ikiwa nyuma kwa saa tatu kamili, si betri. Una Linux kwenye diski hiyo. Linux huiweka saa ya mashine kwa UTC, Haiku inaisoma kana kwamba ni ya hapa. Fungua mipangilio ya Time, iambie kwamba saa ya mashine iko GMT, na eneo liwe Nairobi.

Sauti haitoki

Badilisha tundu, mbele na nyuma. Kisha fungua mipangilio ya Media, bonyeza kitufe cha kuanzisha upya huduma za sauti. Sauti ya kupitia HDMI usiitarajie. Spika za waya zipo kila mahali.

Ilikuwa inafanya kazi, sasa haiwaki

Jiulize kilichotokea kabla. Kama ni stima iliyopotea ghafla wakati wa mvua ya jioni, BFS hutunza kumbukumbu za kazi iliyokuwa ikiendelea, na mara nyingi itajirekebisha yenyewe ukiwasha. Mfumo ukiwaka lakini faili zina mambo, andika checkfs /boot kwenye Terminal.

Kama ni baada ya kusasisha, kuna jambo zuri ambalo watumiaji wengi wa Haiku hawalijui. Mfumo huu huhifadhi hali ya vifurushi vyake ya kabla ya kila badiliko. Ingia menyu ya kiwashio, nenda "Select boot volume/state", chagua diski yako, na utaziona hali za zamani zikiwa na tarehe. Chagua ya kabla ya sasisho, uwashe. Huhitaji kusakinisha upya, na nyaraka zako hazijaguswa.

Skrini ya maandishi meupe: KDL

Maandishi yenye "Welcome to Kernel Debugging Land" si mwisho wa dunia, ingawa kwa mwenye mashine yanatisha. Kiini kimekutana na jambo kisiloweza kuendelea nalo, kikasimama na kukuonyesha kilipokuwa. Kibodi ikikubali, andika bt ubonyeze Enter, uone mlolongo wa kazi zilizoitangulia ajali. Jina la draiva yenye hatia mara nyingi huwamo humo. Ukimaliza andika reboot. Kibodi za USB mara nyingi hazifanyi kazi hapo, kwa hiyo usishangae. Kitufe cha kuzimia kitakusaidia.

Piga picha ya skrini nzima, si kipande, tena simu ikiwa imetulia. Mistari ya juu inayosema PANIC ndiyo watu wanayoihitaji zaidi, na ndiyo watumaji wengi huikata. Mashine ikiwaka tena, hata kwa hali ya tahadhari, chukua faili ya /var/log/syslog pamoja na matokeo ya listdev. Vipeleke vyote dev.haiku-os.org, ukitaja toleo, aina kamili ya mashine, mpangilio uliokuwa kwenye UEFI, na aikoni iliyowaka mwisho. Andika Kiingereza kifupi cha kawaida. Wanaosoma ni watu wa kujitolea wenye kazi zao za mchana, na ripoti yenye mambo hayo hupata jibu upesi kuliko kurasa mbili za malalamiko.